Waya wa Nyuzi Nyingi Ndani ya Ukuta

SWALI: Mhariri, ninajenga nyumba ya vyumba vitatu huku Kasarani, na fundi wa stima amekwisha kupitisha nyaya kwenye paipu za ukutani. Ametumia waya laini wenye nyuzi nyembamba nyingi, kwa kuwa, asema, unapita kwenye kona bila taabu. Jirani ananionya kwamba waya huo ni wa pasi na feni tu, na kwamba utakuja kuunguza nyumba. Je, niung'oe wote?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Ndugu msomaji, usiung'oe kabla ya kusoma maandishi yaliyochapwa juu ya waya wenyewe. Ukikuta H07V-K na 450/750 V, huo umetengenezwa uweze kupitishwa ndani ya paipu, na nchini Italia na Uhispania ni waya wa kawaida majumbani. Ukikuta H05VV-F, jirani yako amesema kweli: hiyo ni kebo ya vifaa vinavyohamishwa, na haifai kufukiwa ukutani. Iondolewe.

Ikiwa ni ule wa kwanza, hatari iliyobaki iko kwenye ncha, na ndipo mafundi wengi wanapofanya haraka. Waya wa namna hii wa milimita mraba 2.5 huwa na nyuzi kama 50, kila moja ikiwa na unene wa robo milimita, ilhali waya mgumu wa saizi hiyohiyo huwa na shaba moja nzima au nyuzi 7 nene. Katika soketi zetu nyingi, skrubu hushuka moja kwa moja juu ya shaba huku ikizunguka, kwa hiyo hukata baadhi ya nyuzi na kuzisukuma nyingine kando, hata utaona kishungi kimechomoza nje ya tundu kikielekea skrubu ya pili. Zile chache zilizoshikwa barabara hubeba mzigo wote wa birika au pasi, hupata moto, na plastiki iliyo karibu nazo hugeuka kahawia. Breka haikatiki, kwa sababu mkondo haujazidi kiwango chake. Hilo hunitia hofu kuliko yote, kwani wenye nyumba wengi huamini kwamba breka inawakinga na kila ajali ya umeme.

Dawa yake ni feruli, yaani kimrija cha shaba kilichopakwa bati, ambacho huvishwa kwenye ncha na kubanwa kwa koleo lake maalumu. Saizi yake lazima ilingane na ya waya. Fundi akipendekeza kuzilehemu ncha kwa risasi badala yake, kataa, maana risasi hunywea polepole chini ya mgandamizo wa skrubu, na kiungo kilichokuwa kimekazwa vizuri hulegea bila mtu kujua.

Waya laini pia una ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia mkondo, mkubwa kidogo: omu 7.98 kwa kilomita katika saizi ya 2.5, dhidi ya 7.41 za waya mgumu wa shaba moja. Kwa nyumba ya vyumba vitatu hilo si neno.

Kabla umeme haujaunganishwa, mwombe fundi akuonyeshe leseni yake ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na mafuta, kisha afungue soketi mbele yako, akianza na za jikoni, na auvute kila waya kwa mkono. Wowote utakaochomoka, au usio na feruli, ufungwe upya kabla rangi haijapakwa.