Mpeleke akatazame kabla hujampeleka akaruke

Mtu akitaka kujua kama farasi wake yuko tayari kwa mashindano ya kuruka viunzi, swali lake huja na kipimo: "Nyumbani anaruka mita 1, unaonaje?" Jibu langu huwaudhi wengi. Urefu wa kiunzi ndio jambo la mwisho kuangalia. Farasi anayeruka mita 1 kwenye uwanja anaoujua, mbele ya saisi anayemlisha kila asubuhi, anaweza kugoma mbele ya kiunzi cha sentimita 60 kwa sababu tu kuna mtu amefungua mwavuli kando ya uzio.

Kwa hiyo nashauri hivi: mara ya kwanza usimpeleke kushindana. Mpakie kwenye lori, mfikishe uwanjani, mtembeze, mlishe nyasi pembeni, kisha mrudishe nyumbani bila kuruka hata ufito mmoja. Mpigie simu katibu wa mashindano mapema umuulize kama farasi asiyeshindana anaruhusiwa. Mara nyingi hukubali, pengine kwa ada ndogo. Pesa hizo zitakuuma ukizijumlisha na mafuta ya lori, lakini lipa.

Kwetu Nairobi kuna sababu ya ziada. Farasi wetu wengi wa viunzi walianza maisha kwenye mbio pale Ngong, wakastaafu wangali vijana, wakaishia mikononi mwa watu wa Karen na Langata. Utasikia farasi wa namna hiyo hana shida na umati kwa sababu ameuzoea. Ameuzoea kweli, ila kwa maana yake mwenyewe. Kwake yeye lori, vipaza sauti na watu wa kofia ngumu ni dalili kwamba muda si mrefu geti litafunguka na atatakiwa kupiga shoti kwa nguvu zake zote. Jike wangu niliyemtoa huko, Tausi, alishuka kwenye lori shingo ikiwa imelowa jasho, masikio wima, akimzunguka saisi bila kutulia. Wala hakuwa na woga. Alidhani amekuja kazini. Ni kama mtu aliyealikwa arusini akafika amevaa njumu za mpira.

Siku ile hatukumpanda kabisa. Saisi wetu, mzee aliyekaa na farasi tangu ujana wake, alimshika kamba ikiwa imelegea. Nilipotaka kumvuta Tausi mbali na kelele, mzee akanizuia: "Mwache, dada. Akichoka kungoja atakula." Tulisimama pale hadi miguu ikaniuma. Mwishowe akashusha kichwa, akang'oa nyasi, akakiinua tena ghafla tangazo liliposikika, taya limesimama na majani yananing'inia mdomoni. Akasikiliza. Halafu akaendelea kutafuna. Hapo ndipo unapotaka kufika: farasi anayetafuna huku akiangalia mambo. Asiyeweza kutafuna kichwa chake bado kimejaa, na ukimpanda utakuwa unazungumza na mtu asiyekusikia.

Kuna jambo jingine la farasi wa mbio ambalo wapandaji wapya hugundua kwa uchungu. Kwenye mbio amefundishwa kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni. Ukivuta hatamu kwa nguvu ili apunguze mwendo, yeye anaona umempa kitu cha kuegemea, basi anaongeza. Mfundishe breki nyingine kabla ya kufikiria mashindano: mduara unaopungua polepole, kukaa wima kwenye tandiko na kutoa pumzi, kushuka kutoka kanta (mbio za taratibu) hadi troti (mwendo wa mchapuko) na kupanda tena hadi mabadiliko hayo yawe jambo la kawaida. Na mfunge ukanda wa shingoni. Akiruka kwa mshtuko, shika ukanda huo badala ya kumng'ang'ania mdomoni. Farasi anayeumizwa mdomo kila akiruka ataacha kuruka, na atakuwa na haki.

Nyumbani, acha kuongeza urefu, ongeza vituko. Tundika turubai la buluu chini ya kiunzi. Weka mbao zilizopakwa rangi, ndoo za maua, magunia. Macho ya farasi hayaoni rangi kama yetu: buluu na njano huzitofautisha vizuri, lakini nyekundu na kijani humchanganya, hivyo ufito mwekundu juu ya nyasi za kijani unaweza usimwonekee wazi kama unavyouona wewe. Tena macho yake huchelewa kuzoea anapotoka kwenye jua kali kuingia kivulini. Kiunzi kilichowekwa chini ya mti ni kigumu kuliko kinavyoonekana, na viwanja vyetu vina miti. Mwombe mtu asimame na mwavuli. Washa redio kwa sauti. Majirani watavumilia.

Lori nalo ni somo la peke yake. Mpakie mara kwa mara wiki kadhaa kabla, safari nyingine iwe ya kuzunguka tu na kurudi bandani, ili kupanda lori kusiwe daima na maana ya jambo kubwa. Tundika wavu wa nyasi ndani na usimnyime chakula kwa kudhani tumbo tupu litamfanya mwepesi. Tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, awe anakula au hali. Nyasi na mate ndivyo vinavyomkinga na vidonda vya tumbo. Nafaka sawa, mpunguzie asubuhi hiyo, lakini nyasi ale. Beba na maji ya nyumbani, maana wengi hukataa maji yenye ladha wasiyoijua.

Kuhusu karatasi sitasema mengi: pasipoti yake, chanjo zake, na hasa chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi na kuua haraka. Daktari wa mifugo akupangie tarehe mapema, kwa sababu farasi aliyetoka kuchanjwa hafai kupewa kazi nzito. Jioni za msimu wa mvua, visubi wanapokuwa wengi, afadhali uwe umeshamrudisha bandani.

Sasa tuseme amekwenda kutazama, ametulia, na safari hii anaruka. Mwandikishe urefu ulio chini kabisa ya anaoruka nyumbani. Kama nyumbani yuko sentimita 90, shindana 60 au 70. Wapo watakaocheka. Wengi wao utawaona wakitoka uwanjani kwa miguu, farasi ametangulia.

Hatari kubwa ya siku nzima, kwa maoni yangu, haiko kwenye uwanja wa mashindano. Iko kwenye uwanja wa kupasha misuli moto. Farasi wanakuja kila upande, watoto wana haraka, makocha wanapiga kelele. Kanuni ni chache na zote zina maana. Mnapokutana, piteni bega la kushoto kwa la kushoto. Bendera nyekundu ya kiunzi iwe mkono wako wa kulia, nyeupe kushoto. Ukiiona nyekundu kushoto kwako, unakuja kinyumenyume na utakutana na mtu hewani. Tangaza kiunzi unachoendea kwa sauti. Funga utepe wa kijani mkiani, wanaojua watakuelewa kwamba farasi ni mgeni. Kama anapiga mateke, funga mwekundu. Ingia mapema wakati hakuna watu wengi, ruka msalaba mdogo, yaani fito mbili zilizopishana, na kiunzi kimoja au viwili, na vikienda vizuri, basi, toka. Nimeona farasi wengi waliomaliza nguvu na ujasiri wao pale nje, wakaingia ndani hawana la kutoa.

Tembea njia ya viunzi kwa miguu kabla ya zamu yako. Hatua moja ya kanta ya farasi mkubwa ni kama mita 3.6, yaani hatua 4 za mtu anayetembea kwa hatua za sentimita 90. Kutoka kiunzi hadi kiunzi, hatua zako 2 za kwanza ni za kutua, 2 za mwisho ni za kurukia, na zilizo katikati gawanya kwa 4 upate hatua za farasi. Lakini farasi mgeni atakuwa anashangaa, hatua zake zitakuwa fupi, kwa hiyo usiishikilie hesabu kama sheria. Mimi huangalia zaidi geti liko wapi. Farasi huvutwa na geti alikoingilia na wenzake walioko nje: akilielekea ataongeza mwendo, akiliacha mgongoni atalegea. Viunzi vinavyokwenda mbali na geti ndivyo utakavyohitaji kumsukuma kwa miguu yako.

Ukiingia, kengele ikilia una sekunde 45 za kuanza. Usizitupe. Ukianza kabla ya kengele umetolewa, lakini ikishalia hakuna anayekuharakisha. Pita kwa troti karibu na kile kiunzi chenye mbao za kutisha, bila kumsimamisha akinuse maana hilo haliruhusiwi, zunguka kona ya mbali, halafu ndipo uende. Kiunzi cha kwanza unaweza kukiendea kwa troti. Halitakuwa jambo la kupendeza kutazama, na hilo lisikusumbue.

Ufito ukianguka ni pointi 4 za adhabu. Usigeuke kuutazama. Akigoma ni 4 nyingine. Mrudishe kwa utulivu, njia iliyonyooka, mguu umekaza, aone kiunzi kwa muda mrefu zaidi. Fimbo si ya hasira. Na kama anatetemeka, au umeona kabisa kwamba hakusikii, inua mkono kwa mwamuzi, toka kwa hiari. Ada ya kuingia umeshalipa na hairudi, lakini farasi aliyepigwa hadi akaruka kiunzi cha 5 atakumbuka kiunzi cha 5 mwaka mzima.

Akimaliza, mshukie nje, legeza mkanda wa tandiko, mtembeze hadi pumzi zirudi, kisha maji na nyasi. Mtafutie saisi chakula kabla ya kujitafutia chako; yeye aliamka kabla yako. Kesho yake pitisha kiganja kwenye miguu ya farasi, ukilinganisha joto la mguu mmoja na mwenzake, mwendeshe kwa troti kwenye ardhi ngumu uone kama anachechemea, halafu mpe siku ya kupumzika malishoni.

Safari inayofuata mwandikishe urefu uleule, ikiwezekana uwanja mwingine. Tausi alikaa sentimita 70 msimu mzima. Kijana mmoja wa kituo chetu cha farasi aliniuliza kama sioni aibu kushindana na watoto wa shule, nikamwambia watoto wale wana adabu nzuri kwenye uwanja wa kupasha misuli kuliko watu wazima wa mita 1.10.