Waliofyatua na waliotuma: maswali yenu kuhusu mauaji na kashfa za Nairobi

Maswali ya zile kesi za zamani za Nairobi yamekuwa mengi, na mengi yanafanana, kwa hiyo nimechagua machache nijibu hapa. Yale marefu nimeyafupisha.

Yule lodi Mwingereza aliyepigwa risasi Karen enzi za ukoloni, aliuawa na nani?

Unamaanisha Josslyn Hay, Lord Erroll. Usiku wa kuamkia mapambazuko ya tarehe 24 Januari 1941, wafanyakazi wa gari la maziwa walikuta Buick yake imeingia shimoni kando ya barabara, na yeye ndani na risasi kichwani. Alikuwa anatembea na Diana, mke wa Sir Jock Delves Broughton, na hakuficha, kwa hiyo Broughton akashtakiwa. Wakili Harry Morris akaletwa kutoka Johannesburg kumtetea na akang'ang'ania jambo moja tu, kwamba risasi hazikutoka kwenye bastola ya Colt, na zile bastola mbili za Broughton zilizoripotiwa kuibiwa siku chache kabla zilikuwa za Colt. Tarehe 1 Julai akaachiliwa, na Desemba 1942 akafa Liverpool kwa kuzidisha morfini. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kupelekwa kortini. Kusema kweli hii kesi imeandikwa kupita kiasi, ukilinganisha na hizi zinazofuata.

Nikipita tao nataka kujua, Tom Mboya alianguka wapi hasa?

Moi Avenue, ambayo wakati huo ilikuwa Government Road. Ilikuwa Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, Mboya ametoka duka la dawa la Chhani, duka la watu aliowajua, akapigwa risasi hapo mlangoni. Alikuwa na miaka 38, waziri wa mipango ya uchumi na katibu mkuu wa chama tawala, KANU. Ile sanamu yake iliyozinduliwa 2011 iko karibu na hapo, kwa hiyo ukisimama kwenye sanamu uko mahali penyewe karibu kabisa.

Aliyehukumiwa ni Nahashon Isaac Njenga Njoroge, akanyongwa Novemba mwaka huo huo. Yaani kutoka risasi mpaka kitanzi ni kama miezi minne hivi! Kinachoniuma ni kwamba inasimuliwa mpaka leo kwamba alipokamatwa aliwauliza polisi mbona hawamwendei yule mkubwa, na hakuna aliyeenda kutafuta huyo mkubwa ni nani, na kumnyonga haraka vile kulifunga mdomo wa mtu pekee ambaye angeweza kutaja jina. Siku ya misa ya wafu pale Holy Family Basilica umati ulirushia msafara wa Rais Kenyatta mawe na polisi wakafyatua vitoa machozi. Watu hawakuhitaji korti iwaambie kuna kitu kimefichwa.

Ni kweli kuna mtu alikaa jela miaka mingi kwa mauaji ya Pio Gama Pinto na hakuua?

Kukaa jela, ndio. Kwamba hakuua, yeye mwenyewe alisema hivyo miaka yote. Pinto, mwanahabari na mbunge, aliuawa tarehe 24 Februari 1965 Westlands, kwenye gari nje ya nyumba yake anangojea geti lifunguliwe, na binti yake mdogo alikuwa ndani ya gari hilo hilo. Aliyefungwa ni Kisilu Mutua, alikuwa kijana tu, hata miaka 20 hajafika, akahukumiwa kifo, baadaye ikabadilishwa ikawa kifungo cha maisha. Alitoka 2001 kwa msamaha wa rais. Zaidi ya miaka 35! Aliingia Kenyatta akitawala, akatoka Moi anakaribia kuondoka, na muda wote huo aliyepanga, kama yupo, alikuwa anakula chakula chake nyumbani.

J.M. Kariuki alipotea vipi na serikali ikasema yuko Zambia?

Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, yule aliyesema hatutaki nchi ya mamilionea 10 na maskini milioni 10. Alionekana mara ya mwisho tarehe 2 Machi 1975 akiondoka hoteli ya Hilton na kamanda wa GSU, kikosi maalum cha polisi, Ben Gethi. Kesho yake mchunga mifugo Mmaasai akakuta mwili Ngong. Mwili ukapelekwa mochari ya City kama wa mtu asiyejulikana, na siku hizo hizo Daily Nation ikaandika kwamba yuko Zambia, mpaka familia ilipoenda mochari ikamtambua. Hebu fikiria hapo, mke anasoma gazeti kwamba mume amesafiri, kumbe amelala kwenye friji hapo hapo mjini.

Bunge likaunda kamati chini ya Elijah Mwangale na ripoti ikatoka Juni. Kabla haijawekwa mezani majina mawili ya watu wa karibu na Rais yaliondolewa. Na waliounga mkono ripoti hiyo bungeni walilipa, Masinde Muliro alifutwa uwaziri, John Keen na Peter Kibisu wakapoteza unaibu waziri. Waliotajwa kwenye ripoti kwamba wachunguzwe zaidi hawakufikishwa kortini.

Kwenye kashfa ya Goldenberg kulikuwa na dhahabu kweli?

Dhahabu ya kiasi kile, hapana, Kenya haikuwa inachimba hivyo, na almasi ndio kabisa. Mchezo ulikuwa kwenye karatasi. Serikali ilikuwa inawalipa wauzaji wa nje asilimia 20 ya walichouza ili walete dola, Goldenberg International ya Kamlesh Pattni na James Kanyotu, mkuu wa ujasusi, ikapewa 35. Kwa hiyo ukijaza fomu kwamba umeuza dhahabu, unalipwa kwa mali ambayo haijapanda ndege.

Aliyeona ni David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu aliyekuwa anapitisha fomu hizo hizo. Akatoa nakala, zikawafikia wabunge wa upinzani Paul Muite na Anyang' Nyong'o, 1993. Alikamatwa, akafutwa kazi, akahamia Mombasa akasilimu, baadaye akaishia Olokurto, Narok, hana kazi ya maana. Alipewa tuzo ya Transparency International 2004, na Julai 2006 akafa, miaka 38. Pattni aliondolewa mashtaka 2013. Mimi kama kuna jina moja la kashfa hii nataka watoto wa shule walijue ni la Munyakei.

Mtu wa kawaida anaweza kujisomea haya wapi?

Ripoti ya tume ya ukweli, TJRC, ya 2013 ina sehemu nzima ya mauaji ya kisiasa. Na Kenya National Archives iko Moi Avenue hapo hapo karibu na sanamu ya Mboya, hata mkusanyiko wa vitabu na sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani na rafiki mkubwa wa Pinto, uko humo ndani. Nenda na kitambulisho na uende asubuhi, mafaili yanachukua muda kuletwa.