Neno "bank": la fedha na la mto

Ndugu mwalimu, umeuliza kwa nini neno la Kiingereza "bank" humaanisha benki na pia ukingo wa mto, na kama uwaeleze wanafunzi kuwa ni maneno mawili. Waeleze hivyo, kwa kuwa kamusi kubwa huyatenganisha na kila moja liliingia kwa njia yake. La ukingo lina asili ya Kiskandinavia, ilhali la fedha lilifika katika karne ya 15, kupitia Kifaransa, kutoka neno la Kiitaliano "banca", yaani benchi au meza ya mbadilisha fedha. Cha kupendeza zaidi, Waitaliano nao walilipata kutoka lugha za jamii ya Kijerumani, ambamo Kiskandinavia nacho kimo, katika shina lilelile lililozaa la ukingo, hivyo ni ndugu waliopoteana na kukutana tena Uingereza. Meza hiyo ilipovunjika, "banca rotta", ndipo Kiingereza kikapata "bankrupt", jina la mtu aliyefilisika. Ndege inapoinamia ubavu ili ikate kona, kitenzi chake cha Kiingereza, "to bank", kinatokana na ule ukingo wenye mteremko. Darasani, anza na sentensi nzima, kisha historia ifuate.