Kabla ya Kuulizia Mradi, Mabua Yako Yako Wapi?

Barua za mwezi huu ni nyingi, na zaidi ya nusu zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: hela ya kilimo hifadhi, yaani kulima bila kuusumbua udongo, inatolewa wapi? Nianze na hilo, tulimalize.

*Shikamoo mwalimu. Nasikia kuna mradi unalipa wakulima wanaoacha kulima kwa plau. Nijiandikishe wapi? – Msomaji, Chamwino*

Marahaba. Hakuna dirisha la kupokelea fedha kwa sababu hukulima. Kuna miradi, ndiyo, na jina hubadilika kila mfadhili akibadilika. Juzi kilikuwa kilimo mseto, jana kilimo hifadhi, leo kilimo rejeshi, na kila mara kuna fulana mpya. Udongo ni ule ule.

Msaada uliopo ni huu. Ruzuku ya mbolea ipo tangu msimu wa 2022/23: unajiandikisha kijijini, unapata namba, unanunua kwa wakala. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri haina riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Kikundi kinaweza kuombea ripa, jembe la kupasua udongo bila kuupindua, la kukokotwa na ng'ombe, lakini naona wengi wanaombea bodaboda. Na hapo hapo Dodoma kuna Kisiki Hai, ambako LEAD Foundation hufundisha kuchagua machipukizi ya visiki vilivyoko shambani, kuyapogolea na kuyaacha yawe miti. Hupewi mche wala posho, unafundishwa tu. Visiki ni vyako tayari, unachokosa ni kuacha kuvikata kila msimu.

Kuna pia Mkakati wa Kitaifa wa Kilimo Ikolojia Hai, uliozinduliwa Novemba 2023 na unaokwenda hadi 2030. Ni hatua nzuri, lakini mkakati si hundi. Mpaka sasa ruzuku kwa sehemu kubwa inakwenda kwenye mfuko wa mbolea na mbegu ya mahindi. Anayetaka mbegu ya marejea au fiwi, mimea ya kufunika na kurutubisha udongo, anahangaika peke yake, na hilo nitaendelea kulisema hata wakubwa wakichoka kulisikia.

Sasa nikuulize na mimi. Mabua ya msimu uliopita yako wapi? Kama uliyachoma, msaada wa kwanza uliupata na ukautia kiberiti.

*Nikichoma mabua si ninaua viwavijeshi vamizi? – Msomaji, Mvomero*

Hapana. Kiwavi akikomaa hujifukia udongoni abadilike awe nondo, moto wako unapita juu yake. Anayejificha ndani ya bua ni funza wa mabua, na huyo ukikata mabua ukayalaza chini yakapigwa na jua, wengi wao wanakufa. Swali hili nimelijibu mara nne sasa.

*Huku kwetu mwenye trekta akija tunalima shamba lote siku moja. Wewe unasema trekta ni mbaya? – Msomaji, Kongwa*

Sijasema hivyo. Ila wewe wa Kongwa ndiye mtu wa mwisho kuniuliza. Waingereza walishusha matrekta hapo mwaka 1947 wakitaka karanga. Mvua ikawa haba, udongo wenu mwekundu ukakauka ukawa tofali, karanga zikawa hazing'oleki, na mwaka 1951 wakafunga virago. Waulize wazee.

Tatizo la plau na haro, iwe ya trekta au ya ng'ombe, ni kupita kina kile kile miaka nenda rudi. Chini yake hujengeka tabaka gumu ambalo mizizi hailipenyi na maji hayalipiti. Baada ya mvua nzuri chukua nondo ya chuma uisukume ardhini kwa mkono. Ikigoma kama shubiri moja kwenda chini, hilo ndilo tabaka lenyewe. Hapo unahitaji ripa, inayopasua mstari wa kupandia tu na kuacha katikati bila kuguswa. Pasua wakati wa kiangazi udongo ukiwa mkavu, maana ukiwa na unyevu ripa inakata kama kisu kwenye sabuni na tabaka halivunjiki. Asiye na ng'ombe achimbe mashimo ya chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha Chololo hapo hapo Dodoma: kina cha futi moja, samadi chini, maji ya mvua yanatuama humo humo. Msimu wa kwanza kazi ni ya kuvunja mgongo. Msimu wa pili mashimo yapo tayari.

*Nimepewa mbegu za mukuna. Si ndiyo upupu huu? – Msomaji, Lushoto*

Ni ndugu yake, lakini huu wa kupandwa kufunika udongo hauwashi. Usipike mbegu zake kienyeji, zina kemikali inayotapisha watu.

*Jirani anasema ukiacha plau lazima upulize dawa ya kuua magugu. Ni kweli? – Msomaji, Babati*

Jirani yako ameelewa nusu, na ni nusu inayompendeza mwenye duka la pembejeo. Kilimo hifadhi kina miguu mitatu: kutosumbua udongo, kuufunika mwaka mzima, na kubadilisha au kuchanganya mazao. Ukiacha kulima na ardhi ikabaki uchi, magugu yatakushinda, ndipo unakimbilia dawa kila msimu. Ardhi ikifunikwa angalau theluthi moja kwa mabua, na katikati ya mistari ukapanda ngwara au mbaazi, palizi inapungua, japo si msimu wa kwanza. Msimu wa kwanza utapalilia kweli kweli, na anayekuficha hilo ana kitu anakuuzia.

*Nikitumia mbolea ya dukani bado ninarejesha udongo? – Msomaji, Njombe*

Nembo ya Kilimohai, ya mazao yaliyolimwa bila kemikali za viwandani, hutaipata, lakini shamba linaweza kupona vizuri tu. Mabua ya mahindi yakianza kuoza huvuta nitrojeni ya udongo, mahindi yako yanageuka manjano, na wewe unasema kilimo hifadhi ni uongo. Samadi pamoja na mbolea kidogo ya kukuzia itakuvusha. Wanaokukataza kabisa mbolea mara nyingi wana mshahara.

*Wamekuja watu wa kaboni. Wanataka tusaini mkataba wa miaka 30, watatulipa kwa miti na udongo wetu. Tusaini? – Kikundi cha wakulima, Kahama*

Msisaini leo. Biashara yao ni kuuza hati za kaboni, yaani hewa ukaa inayohifadhiwa na miti na udongo wenu. Kwanza waulizeni kama wamesajiliwa kwa kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, kisha wenyewe mpige hodi Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, mhakikishe. Mtu anayekasirika kuulizwa hivyo mmeshamjua.

Kisha someni mfano wa jirani. Magharibi mwa Kenya, shirika la Vi Agroforestry pamoja na Benki ya Dunia waliendesha mradi wa kaboni ya udongo, na mwaka 2014 hati za kaboni za kwanza zikatolewa. Ilikuwa sifa kubwa duniani. Fedha iliyomfikia mkulima mmoja mmoja ilikuwa ndogo mno, kwa sababu kupima, kukagua na kusimamia kunakula sehemu kubwa. Waliofaidika walifaidika kwa mavuno na ushauri wa ugani. Kwa hiyo mkitaka kupanda miti, pandeni kwa ajili ya kuni, malisho na rutuba, na hela ya kaboni muihesabu kama nyongeza ya muuza karanga.

Ulizeni pia: mkulima anapata asilimia ngapi, nani analipia ukaguzi, naruhusiwa kukata mti wangu nikipata msiba, nikiuza shamba mkataba unamfuata nani? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili na yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Miaka 30 ni mingi. Mnasaini kwa niaba ya wajukuu.

*Ninakodi ekari tatu. Nikirutubisha udongo si namtajirisha mwenye shamba? – Msomaji, Mbarali*

Hatimaye swali la maana, ambalo kwenye semina hawaligusi. Mwenyewe nilikodi ekari mbili, nikamwaga samadi misimu mitatu. Wa nne, mwenye shamba alipoona mahindi yalivyosimama, akampa mwingine kwa bei ya juu. Sikuwa na karatasi.

Andikishaneni miaka mitatu au minne, mbele ya mtendaji wa kijiji, bei ya kila mwaka ikiwa imetajwa. Akikataa muda mrefu, fanya yale yanayokulipa msimu huo huo: samadi ndani ya shimo badala ya kumwaga shamba zima, kunde au choroko katikati ya mistari, mabua yabaki. Usipande miti bila idhini yake, maana kwetu anayepanda mti anahesabiwa kama anayedai ardhi, na hata mpole atakufukuza. Na wewe uliye na shamba la urithi kijijini, omba hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji iko tangu 1999.

*Mchwa wanamaliza matandazo yangu. Nipige dawa gani? – Msomaji, Urambo*

Usipige. Ongeza mabua. Mchwa akikosa kikavu cha kula ndipo anapanda kwenye muhindi wako.