Benki ikiyumba, serikali iingie au iiache?

Duka langu la Makoroboi likifilisika hakuna wa kuniokoa, kwa nini benki ya tajiri iokolewe? (Kaka wa Igoma)

Kaka una haki ya kuuliza. Ila duka lako likifa unaumia wewe na wanaokudai, benki ikifa wanaumia watu ambao hata mwenye benki hawamjui, na wateja wa benki ya jirani wakisikia nao wanakimbilia kutoa, na hakuna benki yenye hela zote kwenye sefu, nyingi ziko kwa wakopaji, kwa hiyo hata iliyokuwa salama inaanguka. Marekani waliiacha benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ife tarehe 15 Septemba 2008, kesho yake tu ikabidi waiokoe AIG, kampuni kubwa ya bima, na Oktoba Bunge lao likapitisha dola bilioni 700 za kuokoa mabenki. Halafu Machi 2009 AIG hiyohiyo ikalipa wafanyakazi wake bonasi za dola milioni 165! Hicho ndicho kinachoniuma. Serikali iingie, tena mapema, lakini wa kuokolewa ni mwenye amana, mwenye hisa apoteze kwanza na mabosi waondoke. Hapa kwetu, Bank M ilipoishiwa ukwasi, yaani hela za kuwalipa wateja, Agosti 2018 Benki Kuu iliichukua, Januari 2019 wateja wakahamishiwa benki ya Azania. Walisota miezi kadhaa, kweli, ila amana zilihama nao.

Nina milioni 9 za mtaji wa dagaa benki, ikifungwa napata zote? (Mama wa Mwaloni, Kirumba)

Hapana mama, sio kwa mkupuo. Bodi ya Bima ya Amana inakulipa hadi milioni 7.5, hiyo moja na nusu inayobaki unasubiri mali za benki ziuzwe, na ukiwa na mkopo humohumo wanaukata kwanza. Usifungue akaunti ya pili benki ileile ukadhani umejikinga, zinajumlishwa, peleka nyingine benki tofauti. Na hela ya kikoba haimo kabisa kwenye bima hii. Kabla ya 2023 kikomo kilikuwa milioni 1.5 tu, ndio maana Januari 2018 zilipofungwa benki tano kwa mtaji mdogo, mojawapo ya wakulima wa Kagera pale Bukoba, aliyekuwa ameweka hela ya kahawa ya msimu mzima aliumia sana.

Mzee wangu anasema serikali ichukue benki zote kama 1967. (Sengerema)

Shikamoo yake. Mimi sikubali, NBC, benki ya serikali iliyozaliwa na utaifishaji huo, ilijaa mikopo isiyolipika mpaka ikagawanywa 1997.

Msukosuko wa 2008 ulituhusu nini sisi wa pamba? (Magu)

Ulituhusu sana. Bei ya dunia ilishuka huku wanunuzi wakiwa wameshakopa benki na marobota yamelala ghalani, wakashindwa kurejesha. Juni 2009 Rais Kikwete akatangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7, sehemu yake kufidia hasara za wanunuzi wa pamba, na fedha zilipitia benki kuziba mikopo ile, yaani benki nazo ziliokolewa humohumo. Naunga mkono, maana bila hivyo msimu uliofuata nani angekopeshwa akanunue pamba yenu? Ila mkulima wa Magu alistahili kukuta orodha ya waliofidiwa, jina na kiasi, imebandikwa ukutani pale kituo cha kununulia pamba, aisome mwenyewe akisubiri mzani.