Samadi ya kuku ikiunguza dodo

Dada yangu wa Mukono, Uganda, umesema uliitia samadi mbichi ya kuku kwenye dodo, yaani mchicha, majani yakaungua, na sasa rundo lako la samadi nyuma ya nyumba linanuka na kujaa nzi. Pole sana. Samadi ya kuku ni kali, ina naitrojeni nyingi. Harufu hiyo inayowasha macho ni gesi ya amonia: maana yake vitu vikavu ni vichache kwenye rundo.

Kila ndoo ya samadi ichanganye na ndoo mbili za makapi ya kahawa au majani makavu ya migomba. Shika konzi moja uiminye. Litoke tone moja au mawili tu. Ikichuruzika, ongeza vikavu. Siku ya nne chomeka fimbo katikati: ukiichomoa ina moto mkali, rundo linafanya kazi. Lipindue kila wiki, miezi mitatu au zaidi, hadi linukie udongo wa msituni.

Kuku wakipekua pembeni waache, wanakula funza. Ila maganda ya parachichi na chakula chenye ukungu usiwape, vinaweza kuwaua.

Wakianza kufa mfululizo, shingo zimepinda, mizoga usiitie kwenye mboji. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.