Nikiagiza sahani yangu naitwa mchoyo

*Shikamoo Shangazi. Tuko marafiki watano, tumesoma pamoja, na kila mwisho wa mwezi tunakwenda mgahawani. Mmoja wetu ndiye anayeshika menyu na kuagiza kwa niaba ya wote. Sahani zinawekwa katikati, kila mtu anachota. Mimi hula polepole, tena nina mzio wa karanga, kwa hiyo vyakula vingine sivigusi kabisa. Bili tunagawana sawa kwa sawa, nami narudi nyumbani na njaa. Mara ya mwisho nikamwomba mhudumu aniletee sahani yangu mwenyewe. Rafiki yangu mmoja akasema kwa sauti, mhudumu akiwa bado amesimama, kwamba siku zote alijua nina uchoyo. Wengine wakacheka. Nilikula bila kusikia ladha. Sasa natafuta visingizio vya kutokwenda, na bado nawapenda. Je, kweli nina uchoyo?*

Marahaba mwanangu.

Hapana, huna uchoyo. Mchoyo humnyima mwenzake. Wewe mwezi baada ya mwezi umechangia chakula kilicholiwa na wengine, ukaenda kulala na njaa, na hukulalamika. Neno lile halikukustahili, na pole sana kwa kuambiwa mbele ya mtu msiyemjua.

Hata hivyo sitaki uzichukie sahani za katikati, maana wenzako wana sababu ya kuzipenda. Mwaka 2019 watafiti wawili, Kaitlin Woolley na Ayelet Fishbach, walichapisha utafiti kuhusu watu wasiojuana waliopewa vitafunio kabla ya kuigiza mazungumzo ya mshahara kati ya mwajiri na wafanyakazi. Waliokula kutoka bakuli moja walifikia makubaliano mapema kuliko waliopewa kila mtu bakuli lake. Maelezo ya watafiti hao ndiyo yaliyonigusa: unapokula chombo kimoja na mwenzako inabidi umwangalie, ujue amepata kiasi gani, upunguze mkono wako ili naye afikie. Kule kuangaliana ndiko kunakowaleta watu karibu.

Sasa itazame meza yenu. Sahani inaletwa ina vipande vinne, nanyi mko watano. Aliyeketi karibu nayo anachukua viwili huku akiendelea na hadithi yake, wa pili anachukua kimoja, wa tatu anamalizia. Wewe uliyeko mwisho wa meza unaomba usogezewe, ikikufikia ina mchuzi na majani ya kupambia. Naamini hakuna aliyekusudia kukunyima. Mazungumzo yamekolea, mikono inakwenda yenyewe. Lakini hakuna anayemwangalia mwenzake, na mwenye kula polepole ataumia kila mara, awe nani.

Kwenye bili ndipo mambo yanapozidi kuharibika. Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe walilifanyia jaribio jambo hili mgahawani na kulichapisha mwaka 2004. Waliwaketisha watu sita sita. Meza nyingine kila mtu alilipa alichoagiza, nyingine bili iligawanywa sawa. Waliogawana waliagiza vya gharama kubwa zaidi, na sababu yake ni rahisi: ukiongeza sahani moja, wewe unabeba sehemu moja ya sita tu ya bei yake, zilizobaki wanabeba wenzako. Na bado walipoulizwa wangependa utaratibu upi, wengi walisema kila mtu alipe chake. Naliona hili kuwa jambo la kukutia moyo. Huenda mezani kwenu kuna mwingine anayetamani hivyo hivyo, naye ananyamaza kama wewe.

Kuhusu mzio nitakuwa mkali kidogo. Barua yako haisemi kama wenzako wanaujua. Kama hawaujui, waambie wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Kuacha vyakula vyenye karanga bila kugusa hakukulindi kwenye meza ya namna yenu, kwa sababu kijiko kilichochota mchuzi wa karanga ndicho kinachohamia kwenye sahani unayoidhani salama, na kwa baadhi ya watu wenye mzio mabaki kidogo tu yanatosha kuwafikisha hospitali. Katika Umoja wa Ulaya migahawa inatakiwa kisheria kutoa taarifa za aina 14 za vyakula vinavyosababisha mzio, karanga zikiwemo, lakini sheria yoyote inaishia jikoni. Vijiko vikishaanza kutembea mezani, hakuna mhudumu anayeweza kukuhakikishia chochote. Kwa hiyo wewe kuwa na sahani yako ni suala la afya, na mtu haombi radhi kwa kulinda uhai wake. Mweleze mhudumu pia, kila mara, hata kama mgahawa ni ule ule.

Nadhani kilichokuponza safari ile ni wakati uliochagua kusema. Mhudumu ameshafungua daftari, wenzako wameshazoea utaratibu, ghafla wewe unajitenga. Hata mtu mwenye nia njema angeweza kudhani umewakasirikia. Safari hii waandikie siku moja kabla, kwa maneno machache: "Jamani, kesho mimi nitaagiza sahani yangu kwa sababu ya mzio, na nitalipa yangu. Nyie endeleeni na zenu za katikati." Usiongeze maelezo mengine, ukijieleza mno utaonekana kama mwenye kosa. Mkishafika, kabla hata hamjaagiza, mwombe mhudumu akuandikie bili yako pembeni. Kuchambua nani alikula nini baada ya sahani kuondolewa kunaleta maneno.

Mwenye kushika menyu asibebeshwe lawama zote. Pengine siku ya kwanza kila mtu alisema "agiza tu chochote", akaagiza anavyovipenda yeye, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Mnaweza kukubaliana kila mtu awe na sahani yake, kisha muongeze moja au mbili za katikati ambazo hata wewe unaweza kula. Na ukitaka kuwaonjesha chako, jambo ambalo naona wewe ungelifurahia, wapakulie pembeni kwa kijiko safi kabla hujaanza kula. Usiruhusu uma za watu ziingie kwenye sahani yako.

Amebaki yule aliyekuita mchoyo. Huyo usimjibu kwenye kundi wala mezani. Mpigie simu mkiwa wawili tu, umwambie: "Uliponiita mchoyo mbele ya mhudumu, niliumia." Ishie hapo, unyamaze, umsikilize. Usimtolee hesabu ya bili za miezi yote. Akiomba radhi, pokea kwa moyo mmoja na msilirudie tena. Akicheka na simu hiyo pia, basi shida yenu ni kubwa kuliko chakula, niandikie tuizungumze peke yake.

Wale watatu waliocheka usiwahesabu kuwa upande wake. Mara nyingi watu hucheka mezani kwa kukosa la kusema, kisha wanajuta njiani wakirudi nyumbani. Mchague mmoja unayemwamini zaidi, mweleze habari ya mzio na ya bili kama ulivyonieleza mimi, umwombe siku hiyo aketi kando yako.

Shangazi